Nilikuwa Hamisi kwa Miaka Mitatu

Mwishoni mwa Juni 2024, siku chache baada ya vijana waandamanaji kuvamia bunge, mtoto wa jirani yangu hapa Nakuru alinibishia mlango saa nne usiku, begi mgongoni, viatu mkononi. Alivua viatu ili mbwa wa mtaa wasimsikie. Nilimfungulia, nikampa ugali uliobaki na kachumbari, kisha nikamwomba simu yake. Nikaizima, nikaitumbukiza kwenye kopo la unga na kukaza kifuniko.

Alikaa siku nne. Ya kwanza alilala tu. Ya pili akaanza kulizunguka lile kopo kama paka aliyesikia harufu ya omena. "Mwalimu," akaniambia, "sasa bila simu nitajuaje kama wananisaka?"

Nilicheka, halafu usiku sikupata usingizi. Mimi mwenyewe nilijificha miaka mitatu na miezi minne, na hilo swali lake ndilo sikuwahi kulijibu. Nilimpa majibu ya mzaha. Haya hapa ni ya kweli.

Mwaka 1986 nilikuwa na umri wa miaka 27, mwalimu wa shule ya msingi, chumba kimoja mtaa wa Bondeni hapa Nakuru, kitanda cha futi tatu na nusu, na redio ya betri ambayo bado nilikuwa naimalizia malipo ya kila mwezi. Tangu Juni 1982 Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria, na baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti mwaka huohuo watu walizoea kuzungumza huku jicho moja likiwa mlangoni. Kulikuwa na Mwakenya, yaani Muungano wa Wazalendo wa Kukomboa Kenya, kundi la siri lililoipinga serikali, na gazeti lake la siri, Mpatanishi. Nisijikweze. Sikuwa kiongozi wa chochote. Rafiki yangu mmoja, karani wa ghala la mahindi, aliniletea bunda la gazeti hilo, nami nikalificha chini ya sukuma wiki kwenye kikapu na kwenda kuacha moja moja pale watu wanapoketi: kwenye kiti cha matatu, kwa kinyozi, na siku moja chooni katika baa. Lile la chooni sijui kama lilisomwa au lilitumika tu.

Machi walimkamata. Mke wake ndiye aliyenipa habari. Alipita nje ya ua wa shule wakati wa mapumziko akiwa na karai la ndizi kichwani, akaniita. "Ndizi zimeiva, mwalimu. Zote." Mke wake hakuwa muuza ndizi.

Chumbani nilikuwa na nakala 11. Karatasi za saiklostaili haziungui kama unavyodhani. Ukitia bunda zima jikoni, linaungua kingo tu. Katikati linabaki jeupe na kila neno linasomeka. Ni lazima uzichane moja moja, uzifinyange, uulishe moto kidogo kidogo kama unayemlisha mtoto mgonjwa uji. Na ule wino una harufu ya mafuta, harufu ambayo haitoki kwenye chakula cha mtu yeyote. Nikakata vitunguu viwili, nikaviunguza kwenye sufuria makusudi. Mama wa chumba cha pili akagonga ukuta. "Mwalimu, oa!"

Usiku huo nilipanda treni ya Kisumu, daraja la tatu, kitambulisho ndani ya soksi, mfukoni barua ya ruhusa niliyojiandikia mwenyewe na kuitia sahihi ya mkuu wangu. Njoro, Molo, Londiani, kote nilikodoa macho. Kulipokucha tulikuwa tumeshuka kwenye mashamba ya miwa upande wa Muhoroni na jasho limeanza kunitoka, nikajidanganya kwamba ni joto.

Kisumu nilikaa Kaloleni siku tisa kwa shemeji wa rafiki yangu. Alikuwa mwema na alikuwa na hofu, na kila gari liliposimama barabarani yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia chini ya kitanda. Siku ya tisa akanipeleka stesheni mwenyewe. Ana shangazi Mumias, akasema, mjane, "yule haogopi mtu." Nikapanda treni ya Butere, ile iliyokwenda polepole kiasi kwamba wanafunzi waliidandia na kushuka walipotaka. Kutoka Butere nilibebwa nyuma ya baiskeli.

Sasa nikitazama nyuma naona Mumias ilikuwa mahali penye akili. Waislamu wapo pale tangu enzi za Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, aliyewapokea wafanyabiashara kutoka pwani karne ya 19, kwa hiyo mgeni mwenye kofia na Kiswahili hakumshtua mtu. Halafu miwa ilikuwa imeleta wageni wa kila namna: madereva, wakata miwa, wauza mitumba. Mtu anayejificha porini anaonekana kama nyani juu ya mti. Penye wageni wengi wewe ni mmoja wao tu.

Nilimkuta yule mjane kizingitini, akipepeta mchele. Hakuinuka. Alinitazama viatu kwanza.

"Leo siku gani?"

"Alhamisi, Mama."

"Basi wewe ni Hamisi. Mtoto wa ndugu yangu wa Mombasa. Umekuja kujifunza kushona kwa cherehani ya marehemu."

"Mama, mimi sijui kushona."

"Kwani anayejua huja kujifunza?"

Mahojiano yote ya kazi yangu mpya yaliishia hapo. Wajukuu wake walimwita Kukhu, mtaa ulimwita Bi Mkubwa, mimi nilimwita Mama. Kwa miaka mitatu hakuniuliza jina langu, wala nilichofanya, wala nitaondoka lini. Mshono wangu wa kwanza ulionyooka ulikuwa kwenye upindo wa suruali yangu mwenyewe: nilikishonea humo kitambulisho, nikajifunza kutembea bila mguu ule kuonekana mzito.

Dini ilinipa taabu. Nililelewa kanisani, hadi kwaya niliimba. "Hamisi gani asiyeswali?" akaniuliza, na Ijumaa ya kwanza nikawa msikitini, safu ya nyuma, nikimwiga aliye mbele yangu kama mwanafunzi anayeibia jibu, kila mara nimechelewa nusu hatua. Baadaye sheikh akanisogelea. "Kijana, siku hizi Mombasa mnachelewa rukuu?" Akatabasamu. Kwa wiki mbili, kila baada ya isha, alinifundisha mpaka nikajua, na yeye pia hakuuliza. Ramadhani ya mwaka ule iliangukia Mei. Siku ya kwanza nilifunga kwa woga, ya pili kwa aibu, na kuanzia ya kumi nilifunga tu.

Kilichonitisha zaidi kilikuwa Kiswahili changu. Nilikuwa na kile cha ualimu, cha ngeli na vitenzi, ambacho hakitoki Mombasa wala Mumias, kinatoka chuoni. Dereva mmoja wa lori aliyewahi kuishi pwani alileta suruali ikazwe kiuno.

"Mombasa wapi wewe?"

"Majengo," nikajibu. Hakuna mji wa maana nchi hii usio na Majengo.

"Majengo karibu na wapi?"

"Karibu na msikiti."

Akaangua kicheko. "Majengo ya Mombasa, wapi si karibu na msikiti?" Akachukua suruali akaenda. Siku tatu sikulala. Kumbe alikwenda kunisifia huko kwa madereva wenzake, kwamba kwa Bi Mkubwa kuna kijana wa kwao, fundi. Wateja wakaongezeka, jambo la mwisho ambalo mtoro angeombea.

Watu wanapenda visa vya kutoroka. Wakikaa Dunga, ufukweni Kisumu, wanakula samaki watakusimulia Raila Odinga alivyovuka ziwa kwa mashua mwaka 1991 hadi Uganda, kisha Norway. Ni kisa kizuri. Changu hakina mashua. Changu kina kiti kisicho na mgongo, kuanzia saa mbili asubuhi hadi magharibi, nikipuliza vumbi la matrekta ya miwa kwenye kanzu nyeupe za watu. Kupuliza, usipanguse, ukipangusa kwa mkono linaacha mstari mwekundu na unailipia kanzu. Uchovu wa kujificha hautokani na kukimbia. Unatokana na kujizuia: usiwe wa kwanza kucheka, usiwe kwenye picha ya harusi, usibishane na mtu kuhusu habari za redioni, usiende kutazama mpira. Juni ile kulikuwa na Kombe la Dunia kule Mexico na mtaa mzima ulimzungumza Maradona na goli lake la mkono. Mimi nilikuwa na maoni mengi sana kuhusu lile goli. Niliyameza yote.

Kosa langu kubwa lilikuwa hesabu. Mjukuu wa Bi Mkubwa alikuwa darasa la sita, na jioni alikaa miguuni pangu akigawanya sehemu kwa sehemu bila kugeuza ya pili. Siku ya kwanza nilinyamaza. Siku ya pili nilitoka nje kabisa. Siku ya tatu nikashika chaki ya fundi, nikaandika mezani: geuza, zidisha, rahisisha. Ndani ya wiki mbili mtoto alikuwa wa kwanza darasani, na mwalimu wake akaja na kitambaa cha suruali. Alisimama kupimwa, akinitazama kwa juu.

"Fundi, nani anamfundisha huyu mtoto hesabu?"

Kabla sijafungua mdomo sauti ikatoka jikoni. "Mimi!"

Bi Mkubwa alisoma herufi za Kiarabu vizuri sana, za Kirumi hata moja. Mwalimu akalijua hilo, nami nikajua analijua. "Basi Kukhu," akasema, "siku moja utusaidie shuleni." Wiki iliyofuata alileta suruali ya zamani irekebishwe. Mfukoni mlikuwa na vipande vitatu vya chaki, vizima, havijaguswa. Nilipomrudishia akavitazama. "Si vyangu hivyo."

Kisha kuna kadi. Vijana wa chama walizunguka sokoni na stendi wakidai kadi ya Kanu, chama tawala chenye alama ya jogoo, na bila kadi hata nyanya huuzi. Nikainunua. Ndiyo, mimi, mwenye nakala 11 zilizoungua, nilitembea na jogoo mfukoni kwa jina la Hamisi. Februari 1988 ukaja mchujo wa mlolongo wa wagombea ubunge wa Kanu, ule wa kusimama mstarini nyuma ya mtu wako mchana kweupe. Aliyevuka asilimia 70 alipita moja kwa moja, bila kura ya siri. Nilitaka kujifanya mgonjwa. Bi Mkubwa akakataa. "Leo ndiyo siku ya kuonekana. Anayelala ndani leo kesho ataulizwa anaumwa nini." Nikapanga mstari kwenye uwanja wa shule. Mstari wetu ulipita mwembe ukakunja kona. Ule mwingine uliishia chooni. Kikatangazwa kilichotangazwa. Mzee aliyekuwa mbele yangu akageuka taratibu. "Hamisi, na huko kwenu Mombasa mnahesabu hivihivi?"

"Hivihivi, mzee."

Huo ndio mchango wangu wote wa kisiasa kwa mwaka 1988.

Agosti mwaka huohuo nilikuwa naingiza zipu, redio ya Bi Mkubwa iko dirishani, yakaanza matangazo ya vifo ya jioni. Mnayajua yalivyokuwa: jina la marehemu, wa wapi, kisha baba wa fulani anayefanya kazi mahali fulani, na fulani, na fulani. Nikasikia jina la baba yangu. Nikamsikia dada yangu wa Nairobi. Nikamsikia kaka yangu wa Thika, na mdogo wetu aliyekuwa bado shuleni. Watoto watatu. Baba alikuwa na watoto wanne.

Papo hapo nilielewa kwamba ni mama aliyeamua hivyo, na kwamba aliamua vyema. Nikaendelea kukanyaga cherehani. Zipu ile niliishonea pasipo nafasi, mshono juu ya mshono, mpaka sindano ikavunjika.

Bi Mkubwa alikuwa anakanda unga wa mandazi. Hakugeuka.

"Amefariki nani?"

"Mtu wa Nakuru."

"Alikuwa mtu mzima?"

"Mtu mzima."

Akakanda kidogo. "Jina lake nani huyo mtu mzima?"

Nikamwambia jina la kwanza. Alifunika unga, akanawa mikono, akazima redio. Usiku huo hakusema lolote zaidi ya kwamba chai yangu inapoa. Kesho yake akachinja kuku wawili, akamwita sheikh na majirani, akasema amemwota marehemu mumewe na anataka kumwombea dua. Wakaja, wakakaa mkekani. Sheikh akamtaja mume wa Bi Mkubwa, na bila kuvuta pumzi akalitaja jina la baba yangu, jina la ubatizo kabisa, katikati ya Kiarabu. Mkekani hakuna aliyegeuza shingo. Nilisema amina pamoja na wengine. Hayo ndiyo mazishi niliyohudhuria.

Juni 1989 redio ikatangaza kwamba waliokuwa kizuizini bila kesi wameachiliwa. Sikuamini. Bi Mkubwa aliamini kwa niaba yangu. "Hamisi, nenda kwenu, mama yako naye ni mtu." Julai nikarudi Nakuru kwa basi, mchana, moyo ukipiga kila kizuizi cha polisi. Mama yangu alinishika kichwa akatafuta kovu la utotoni kabla hajalia.

Nikamuuliza lile swali. Je, walikuja?

"Walikuja watu wawili," akasema. "Mara moja, Aprili ile."

"Polisi?"

"Hawakusema. Walikuwa na viatu vizuri. Mmoja aliulizia redio."

Redio. Ile ya malipo ya kila mwezi.

Rafiki yangu nilimwona mwaka 1990, baada ya kifungo chake. Alikuwa mmoja wa wale wa 1986 waliofikishwa mahakamani Nairobi jioni, watu wengine wakiwa wamekwenda nyumbani, bila wakili. Kabla ya hapo alipitia vile vyumba vya mateso vya chini ya Nyayo House, Nairobi, ambavyo wananchi walikuja kuruhusiwa kuvitazama mwaka 2003. Tulikaa mbele ya duka, soda zikipata joto. Nilizunguka na maneno mpaka yakaniishia.

"Ulinitaja?"

"Sikukutaja."

Nikashusha pumzi. Naye akanywa soda, akafuta mdomo.

"Hawakuniuliza."

Sijui kama alisema hivyo kunipunguzia deni. Yeye ni mtu wa kufanya hivyo. Miaka ya baadaye, mahakama zilipoanza kuwapa haki manusura kuanzia 2010, alikwenda na kesi yake akapata hukumu, anaitunza kwenye faili la plastiki pamoja na hati ya shamba. Kijana wa jirani aliniuliza kama nami nilipeleka kesi. Nishtaki nini? Kwamba nilishonea watu suruali? Kijana huyo aliondoka siku ya tano, akipuliza unga kwenye tundu la chaji. Simu ikawaka, ikalia na kulia, ujumbe juu ya ujumbe, akausoma wote akiwa amesimama. Hakuna hata mmoja wa kumtafuta kwa ubaya. Mwaka ule wengine walichukuliwa kweli, mchana, na wako wazazi ambao walingoja sana. Kwa hiyo sikumcheka. Ila ile sura aliyoifanya, ya mtu aliyepona na kuaibika kwa pamoja, niliitambua mara moja.

Mumias nilirudi Desemba 1991, mwezi ule kifungu cha 2A kilipoondolewa kwenye katiba na vyama vingi vikaruhusiwa. Nilimpelekea Bi Mkubwa leso mbili na kilo tano za mchele. Alikuwa amezeeka, macho yameanza kuingia ukungu, lakini viatu vyangu alivitazama kwanza kama kawaida yake. Baada ya chai nikaona wakati umefika. Nikafumua upindo wa ile suruali ya zamani mbele yake, nyuzi moja baada ya nyingine, nikatoa kitambulisho. Kilikuwa kimefuliwa mara nyingi kuliko watu wengine. Picha ilikuwa kivuli, lakini jina lilisomeka.

Akakisogeza karibu na jicho, akakigeuza, akakigeuza tena. "Nisomee."

Nikamsomea majina yote matatu, polepole, kama ninayeita rejista.

"Jina zuri," akasema, akanirudishia. "Huyu simjui. Hamisi, hebu iangalie ile suruali ya jirani hapo nyuma ya mlango, imekaa wiki mbili na mwenyewe kila siku anapita kuuliza."

Nikaingia ndani. Cherehani ilikuwa palepale, mkanda umelegea kidogo. Ilikuwa kazi ya upindo tu, sikuchukua hata saa moja.